Kifuko Kando ya Kibofu

Kipaza sauti kilikuwa kimemwita Ko Bun-hiong hadi mimi mwenyewe nikachoka kulisikia jina lake. Nilikuwa ndani ya chumba cha ultrasaundi, jeli tayari, mashine tayari, na huko nje wazee wenye vibofu vilivyojaa walikuwa wanajipanga kunilaani. Mtu aliyekunywa chupa nzima ya maji kwa amri yangu hapaswi kusubirishwa, wala hana haki ya kuwasubirisha wenzake. Nikafungua mlango, na sikuufungua kwa upole.

"Ko Bun-hiong ni nani hapa?"

Kwenye kiti cha mwisho alikaa mzee mwenye kofia ya chama cha wafugaji samaki, magoti kayabana, jasho linamtoka, macho sakafuni. Bibi mfupi aliyekaa naye akanyoosha mkono kwa niaba yake.

"Ni huyu wangu. Tuwie radhi, mwanangu. Mwezi huu haitiki akiitwa na asiyemwona."

Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya kale, wafu wamefunguliwa lango na wako matembezini. Sisi wa pwani hii ya mabwawa tumelelewa hivyo: mwezi huo usiyakaribie maji, usipige mluzi, na sauti isiyo na uso ikikuita jina, nyamaza, maana ukiitika umejitoa. Mama yangu alinifunza hayo kwa makofi. Lakini kazini nina foleni, na foleni hainiachii nafasi ya kuogopa.

"Mzee, wafu hawana kipaza sauti," nikamwambia.

"Wewe umewauliza?"

Wenzake wakacheka huku wamebana miguu. Nikampenda kidogo, nikamwingiza ndani.

Ndani tuna sheria. Kabla sijamgusa mgonjwa, lazima ataje jina lake kwa kinywa chake. Mzee akanipa kadi.

"Kusoma najua," nikasema. "Nataka kulisikia kwako."

"Si limeandikwa hapo?"

"Nikimpima mtu ambaye siye, kisha wakaenda kumkata huyo huyo, nitalala wapi mimi?"

"Ni Ko Bun-hiong," mkewe akadakia.

"Sikukuuliza wewe, mama."

"Nikemee mimi basi, lakini mpime. Kibofu chake kinapasuka."

Jina la huyo mama lilikuwa Guat-ha. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuweza kuendelea kubishana naye, nami si mtu wa kushindwa kubishana. Mzee akapanda kitandani, akafungua shati, akaanza kutazama pakiti ya kijani ya bisi za nazi iliyo juu ya mashine. Mashine zote za nchi hii zina pakiti hiyo ili ziwe na adabu zisizime katikati ya kazi. Ya kwetu huinunua Daktari Yap, mpasuaji, ambaye kasoma ng'ambo na hujidai haamini kitu.

Kwenye ultrasaundi maji ni meusi. Figo ya kulia ilikuwa nzuri. Ya kushoto ilikuwa na weusi katikati, weusi usiopaswa kuwapo, kwa sababu mkojo ulikuwa umekosa njia ya kutokea ukarudi juu na kuivimbisha. Nikashuka hadi kibofu. Tezi dume ilikuwa kubwa kama limau, imeingiza kichwa ndani ya kibofu na kukiziba mlango. Ukuta wa kibofu ulikuwa mnene na wenye mikunjo kwa kusukuma miaka mingi. Na kando yake, upande wa kushoto, kilikuwapo kifuko cha pili, cheusi, kimeungana na kibofu kwa tundu jembamba.

Vifuko vya namna hiyo nimeviona vingi. Kibofu kikilazimika kusukuma mno, ukuta wake huachia mahali ulipo dhaifu, ukatokeza nje. Nikakipima, nikaandika, nikamwambia mzee aende chooni akojoe kadiri awezavyo, kisha arudi nione kimebaki nini. Alikawia sana huko. Nilimsikia Guat-ha akimpigia mluzi mzito, kama tunavyowafanyia watoto wachanga wakojoe, kisha akakumbuka mwezi, akaacha.

Aliporudi nikaweka tena kichwa cha mashine tumboni kwake. Kibofu kilikuwa kimenywea. Kifuko kilikuwa kimekua maradufu. Hilo nalo lina maelezo yake: kibofu kinaposukuma, mkojo hufuata njia iliyo rahisi, na kwake njia rahisi ilikuwa ile ya kuingia kifukoni. Nilikuwa najiandaa kumweleza, lakini mzee alikuwa ameshageuza shingo na kutazama kioo cha mashine.

"Nikipungua mimi, anaongezeka yeye," akasema.

Chumba kile sijawahi kukiogopa, na siku hiyo nilikiogopa.

"Nani, mzee?"

Akamtazama mkewe. Guat-ha alikuwa anamfuta jeli, na aliendelea kufuta hata pasipokuwa na jeli.

"Mwambie," akasema. "Huyu si ndiye atakayekupeleka kwa daktari? Mwambie."

Akaniambia. Ko Bun-hiong alikuwa kaka yake. Kaka mtu alikuwa na miaka sita, yeye mitatu, na mwezi wa saba mmoja yeye mdogo alitoroka jikoni akaenda ukingoni mwa bwawa la samaki. Kaka alimfuata amrudishe nyumbani. Tope likateleza, kaka akaingia, mdogo akabaki ukingoni anacheka akidhani ni mchezo. Baba yao hakwenda kuandikisha kifo, hakuweza. Mdogo naye alikuwa hajaandikishwa kuzaliwa, maana mjini kulikuwa mbali na wakati ule hakuna aliyekuwa na haraka. Basi ulipofika wakati wa shule, wakampeleka kwa jina la marehemu. Nyumbani aliitwa A-bue, kitinda mimba, na jina jingine hakupewa kamwe. Alioa kwa jina la kaka yake, akaenda jeshini kwa jina hilo, akazaa, akazeeka.

"Mwezi kama huu wakiita Ko Bun-hiong, hawaniiti mimi," akasema. "Na huko kwenye kisu najua mtaniuliza. Nikisema ndiye mimi halafu mkanilaza, ataamka nani?"

"Utaamka wewe, mzee. Na kidonda chako."

"Wewe ni mkali lakini huna uongo mwingi," akasema. "Hapo umeongopa."

Nikaenda kwa Daktari Yap na picha zangu.

Daktari Yap si mtu mbaya, ila ana haraka. Aliziangalia picha akasema tezi ikwanguliwe wiki hiyo hiyo. Mpira wa mkojo ungesaidia kibofu, lakini kifukoni mkojo ungebaki umelala na kuoza, na figo ya kushoto ingeendelea kuumia. Kifuko chenyewe hangekigusa, kwa umri ule. Njia ikifunguka huenda kikasinyaa chenyewe.

"Tungoje mwezi uishe, daktari," Guat-ha akamwomba. "Ni wiki chache tu."

"Figo haina kalenda, mama. Mkingoja, figo hiyo msinidai."

Mtoto wao wa pekee, Kian-hong, alikuwa kwenye simu kutoka kaskazini anakofanya kazi kiwanda cha chipu za kompyuta. Sauti yake ilisikika chumba kizima. "Mama, nakuomba, usinichanganyie baba na mambo ya mizimu. Mwambie atie sahihi." Kian-hong hakujua habari ya kaka. Walimficha, Guat-ha aliniambia baadaye, kwa sababu mtoto akijua jina la baba yake ni la mtu aliyezama, atalibebaje yeye?

Mzee alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo alimpa mkewe, si daktari. Akizinduka, sauti ya kwanza kumwita iwe ya Guat-ha, na imwite A-bue. Hatamwitikia mwingine.

"Nitakuwa mlangoni," Guat-ha akasema. "Nitakuita mpaka uchoke."

"Nikishachoka je?"

"Nitakuita kwa kukutukana. Huwa unasikia haraka."

Akacheka. Huyo ndiye A-bue niliyemjua, na nilimjua asubuhi moja tu.

Siku ya upasuaji mimi nilikuwa na foleni yangu chini. Yaliyotokea juu nimeyapata kwa nesi na kwa Guat-ha, na yanalingana. Mzee alikuwa na mgongo ulioharibika zamani, sindano ya ganzi ya kiunoni haikuwezekana, kwa hiyo walimpa nusukaputi kamili. Walipomuuliza jina alitazama dari kwa muda mrefu. Nesi akadhani hasikii, akarudia. Ndipo akasema, polepole, "Ko Bun-hiong," kisha akaomba radhi, na hakuna aliyejua anamwomba nani.

Tezi ilikwanguliwa vizuri, damu haikuwa nyingi. Wakampeleka chumba cha kuzindukia. Nesi akafungua kipaza sauti: jamaa wa Ko Bun-hiong waje.

Guat-ha alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka mlango ule. Alisikia. Na hakuinuka. Aliniambia miguu yake ilikuwa inataka kwenda na yeye ndiye aliyeizuia, kwa sababu sauti haikuwa na uso, na jina lilikuwa la maiti, na mume wake alikuwa amelala kati ya huku na kule. Nani angeitikia jina hilo saa hiyo? Alingoja mtu atoke kumwita kwa mkono, kama mimi nilivyotoka. Nesi hakutoka. Lifti ilifunguka, Kian-hong akatoka akikimbia na begi la safari, akasikia jina la baba yake, akasema, "Nipo," akaingia. Alimpita mama yake bila kumwona.

Mzee alikuwa mzito kuzinduka. Kian-hong alimwita baba, baba, na kope zikacheza tu. Nesi alikuwa na wagonjwa wengine wawili. Akamwambia, "Mwite jina lake, kwa nguvu. Jina hupenya."

Kwetu mtoto halitamki jina la baba yake. Kian-hong alikuwa hajawahi kulitamka tangu azaliwe. Aliinama sikioni akapaza sauti, "Ko Bun-hiong. Ko Bun-hiong, amka."

Mzee akafungua macho mara moja, akatabasamu, akasema, "Nipo."

Guat-ha alilisikia jibu hilo kupitia mlango. Aliniambia hakuhitaji kuingia ili ajue.

Walikuja kwangu kwa kipimo cha marudio siku ya mwisho ya mwezi wa saba, mchana, siku ambayo lango la wafu hufungwa jua likizama. Barabara nzima ilikuwa na meza za sadaka na moshi wa ubani. Kian-hong alikuwa amerudi kazini kwake, ameridhika. Kipaza sauti kilipoita, mzee aliinuka kabla jina halijaisha.

"Mimi," akasema. "Ko Bun-hiong." Akanitajia na tarehe ya kuzaliwa, na kwamba alizaliwa siku ya mvua, na kwamba mkunga alikuwa na jicho moja.

Sikuwa nimemuuliza lolote.

Alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Miguu yake ilining'inia kitandani ikicheza. Aliuliza jeli imetengenezwa kwa nini, mashine inakula nini, na kwa nini weusi ule unatembea. Nilipomgusa ubavuni alicheka kwa kutekenywa. Nimewapima wazee wengi. Huwa hawatekenyeki, au wameshasahau kuwa wanatekenyeka. Figo ya kushoto ilikuwa imerudi karibu na kawaida. Kifuko nilikitafuta sana. Nikakipata kimesinyaa kama kitambaa kilichokamuliwa, hakina hata tone. Daktari Yap angefurahi. Mimi sikufurahi.

"Nenda ukakojoe, mzee, nikupime tena," nikamwambia, nikatoka nje nipate hewa.

Guat-ha alikuwa mwisho wa ukumbi, kwenye dirisha. Alikuwa ameshika fulana kuukuu ya mumewe kwa mikono miwili, anaipunga taratibu kuelekea nje, na midomo yake ilikuwa inasema neno lile lile. Alikuwa amekonda hadi nguo zimempwaya.

"Unamwita nani, mama? Mzee si yuko ndani?"

"Namwita mume wangu."

Nilitaka kumwambia maneno ya hospitali. Kwamba wazee huchanganyikiwa baada ya nusukaputi, kwamba hupita. Nayajua maneno hayo na ni ya kweli.

"Yule ni mtoto mzuri," Guat-ha akasema bila kuacha kupunga. "Usimwone vibaya. Anakula, ananisifia chakula. Jana alishika kaa mtaroni akaja kunionyesha. Anakaa ukingoni mwa bwawa ametia miguu majini, A-bue hajafanya hivyo maisha yake yote, hata samaki alikuwa akiwavua amesimama mbali. Usiku anaomba taa isizimwe. Anasema huko kulikuwa na giza na baridi. Nitamfukuzaje mtoto wa miaka sita? Lakini wangu naye yuko wapi? Lango linafungwa leo, mwanangu. Nimemwita tangu siku ile ya kisu, hajaja."

Nililia. Sioni haya kusema. Nikashika upande mmoja wa fulana, mimi mwenye ulimi mkali na foleni ndefu, tukaipunga pamoja tukiita A-bue, A-bue, na wagonjwa wakatutazama na hakuna aliyecheka. Watu wa hapa wanajua kwamba fulana hupungwa kuiita roho iliyopotea njia.

Mlango wa choo ukafunguka. Mzee akatoka, akasimama, akasikiliza. Uchangamfu ulimtoka usoni kidogo kidogo. Alimtazama Guat-ha muda mrefu, kisha fulana, kisha mikono yake mwenyewe yenye mabaka ya uzee, akaigeuza huku na huku kama mtu aliyeazima kitu na anakikagua kabla ya kukirudisha.

"Hamwezi kumpata hivyo," akatuambia kwa upole. "A-bue ni mkaidi. Huja akiitwa na mimi tu."

Guat-ha alitikisa kichwa. Alifungua mdomo, na naapa alitaka kumzuia. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kusema kaa kidogo, maliza hata chakula cha jioni. Hakusema. Alimtaka mumewe zaidi, na hilo ndilo linalomtoa usingizini hadi leo.

Mzee alikwenda dirishani. Akaweka viganja pande mbili za mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya mzee.

"A-bue. Toka hapo ukingoni. Twende nyumbani, mama anatuita."

Kisha akanyoosha mkono mbele, chini, kimo cha mtoto mdogo, vidole wazi. Vidole vikafumba. Akaanguka, nikamdaka kwapani, na uzito nilioupokea ulikuwa uzito wa mtu mzima aliyechoka sana. Aliinua kichwa kwa taabu. Macho yalitafuta hadi yakampata.

"Guat-ha," akasema. "Mbona umekonda hivi?"

Guat-ha alimkumbatia pale pale sakafuni, anamtukana, anamwita kila jina baya la mabwawani, na yeye anamjibu ndiyo, ndiyo. Nikawaacha. Nikarudi chumbani kwangu nikakaa mbele ya mashine iliyokuwa bado inawaka.

Sheria inataka kipimo cha pili baada ya mgonjwa kukojoa. Daktari Yap aliniuliza kesho yake mbona sehemu hiyo ya ripoti iko wazi, nikamwambia mgonjwa alizirai. Aliniuliza tena mwezi uliofuata, na mwezi mwingine, na kila mara nilipata sababu. Mzee anakojoa vizuri, anagombana na kipaza sauti, hasogelei maji. Ikiwa kile kifuko kimejaa tena, na ikiwa humo kuna giza na baridi, sitaki kuwa mimi wa kukiwekea kichwa cha mashine na kumwona mtoto karudi humo.